Kumbukumbu za Kikao cha Novemba

Nilishaandika "kwa kauli moja"
kabla kikao hakijafunguliwa.
Ndiyo mazoea: mwaka wa sita huu mimi katibu,
na mwaka wa sita nafasi ile naijaza mapema,
kama mtu abandikaye maji akijua wageni hawakosi.

Ukumbi wa kanisa, Coventry,
saa kumi na moja jioni, nje giza limeshafunga.
Chuma cha kupashia joto kinagonga ukutani
kama mdai wa kodi.
Watu thelathini na wawili, makoti mapajani,
chai ya tangawizi kwenye vikombe vya karatasi,
na ajenda moja:
mwanachama asiyechanga miezi mitatu
akifa, chama kisimsafirishe.
Azikwe huku huku, manispaa itajua pa kumweka.

Mwenyekiti Ndosi alieleza vizuri.
Ana sauti ya kueleza vizuri.
Mfuko si kisima, alisema.
Wengi wape, alisema.
Mikono ikapanda: ya wapakiaji wa maghala,
ya wauguzi waliotoka zamu bila kulala,
na wangu, wa kushoto,
maana wa kulia ulishika kalamu.

"Kuna anayepinga?"

Swali hilo kwetu ni kama hujambo:
hata mgonjwa hulijibu sijambo.

Mghoi akanyosha mkono.
Mghoi wa safu ya nyuma, afuaye shuka za hospitali,
ambaye mchango wake haujachelewa hata siku moja.
Hakusimama. Hakupaza sauti.
"Mimi napinga. Andika na jina langu."

Viti vikalia.
Mtu akanong'ona, kidole kimoja hakivunji chawa.
Mwingine: katumwa na nani?
Ndosi akatabasamu lile tabasamu la msibani,
"Dada, hapa tuna umoja."
Naye akasema:
"Wakesho alifukuzwa ghalani mwezi wa pili.
Nani alimpigia simu? Tulimpelekea deni.
Leo ni yeye. Lisikieni jina lake vizuri,
mniambie: wa kesho ni nani?"

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyejibu pia.
Thelathini na moja kwa mmoja. Imepita.
Tukafunga kwa sala, tukakunja viti,
na Mghoi akafuta meza, kama kila mara,
peke yake, tukimpisha mbali
kama sakafu iliyotoka kupigwa deki.

Usiku Ndosi kapiga simu.
"Andika tu kauli moja. Kura moja si kitu,
inachafua karatasi."

Nimekaa na karatasi hiyo jikoni.
Nafikiri ile chuma ya ukumbini.
Fundi mmoja wa hapa alinieleza siku moja
kwamba bomba likigonga kuna hewa imenaswa;
unatafuta kifunguo kidogo, unaitoa.
Usilitie mto ulinyamazishe.
La kuogopa ni bomba lililonyamaza
na chumba ni baridi.

Nafikiri pia maneno yenyewe, kauli moja.
Ndiyo zetu thelathini na moja zilikuwa kauli?
Ya kwanza labda. Zilizobaki mwangwi.
Kauli ilikuwa moja kweli jioni ile,
ila haikutoka upande tulioukusudia.

Na kuna jambo ambalo mimi na mweka hazina tu tunalijua:
nadaiwa miezi miwili.
Disemba ikiingia, mitatu.
Niliunyosha mkono nikijua,
nikaunyosha juu kuliko wa jirani yangu
asije mtu akanitazama.

Nimekata mstari. Nimekata vibaya,
karatasi imetoboka kidogo.
Juu yake nimeandika: Waliokubali, thelathini na mmoja.
Aliyepinga, Mghoi Mwakio. Sababu zake zifuatazo.

Simu inaita tena.
Ni Ndosi.
Wino haujakauka.