Muhogo Hauna cha Kuamsha

Daktari aliusikiliza moyo wangu
kama fundi anavyosikiliza saa iliyochezewa na mtoto,
kisha akasema: Kahawa, basi.
Hata kikombe kimoja? Hata kimoja.
Hata harufu?
Akacheka. Harufu ni yako.

Mimi ni mshona kofia, Langoni, chumba cha chini.
Kazi yangu ni vishimo:
sindano izunguke tundu lisilozidi punje ya mtama,
moja, na jingine, na jingine,
mpaka kofia nzima iwe macho,
na yangu mawili yasifumbe.
Miaka ishirini na mmoja aliyenifumbua
ni Lali muuza kahawa, kwa kugonga vikombe vyake
baada ya alfajiri.
Vitatu, chungu, vya tangawizi.
Siku ya malipo, na kipande cha halua.

Siku tatu za kwanza kichwa kilitaka kupasuka.
Ya nne nilishona kofia ya bwana harusi
nikaruka safu nzima.

Ndipo Bi Mwanatumu wa nyumba ya pili
akaniita: Ndoo ule kwanda.
Muhogo wa kuchoma, umepasuliwa kati,
chumvi, pilipili,
ndimu iliyokamuliwa mpaka mbegu zikaanguka.
Nikala nimesimama. Nikarudi kukaa.
Adhuhuri ilipoadhiniwa safu mbili zilikuwa zimekwisha
na sikumbuki nilipiga mwayo lini.

Mpwa wangu Shekue anasoma sayansi.
Mjomba, akasema, muhogo hauna cha kuamsha.
Ni wanga mtupu. Wanga humlaza mtu.
Kilichokuamsha ni pilipili.
Nikaacha pilipili.
Basi ni ndimu.
Nikaacha ndimu.
Basi ni ule moto wake.
Nikala kiporo, muhogo wa jana wa kuchemsha,
mgumu kama kisigino, kwa maji ya mtungi,
na sindano ikaenda.

Akakuna kichwa. Akatoa daftari.
Zamani, kabla ya kahawa ya Lali, ulikuwa ukila nini?
Nikafungua mdomo nimjibu.
Nikaufunga.
Tende, siku nyingine.
Mkate wa saa nne, ukiletwa.
Kwa miaka mingapi, Mjomba?
Sikusema. Nilikuwa nahesabu.

Kwa hiyo ule uzito wa kope,
wale mchwa waliotembea nyuma ya macho,
ambao kila asubuhi niliwaita usingizi
nikawafukuza kwa kikombe,
walikuwa njaa.
Nilikuwa nikiiita kwa jina la nduguye,
ndiyo maana haikuitika.
Kahawa ilinipigia kelele, amka, amka,
na mimi nikaamka, sina cha kuamkia.

Ila sitaki kuusifu mno muhogo.
Jana niliula vipande vinne, kwa uroho,
tui zito juu yake,
na saa nane mchana nilikutwa
kidevu kifuani, uzi mdomoni,
paka amejikunja juu ya kofia ya watu.
Shekue akaandika: Viwili, sawa. Vinne, hapana.
Akapiga mstari chini yake kwa rula.

Na Lali bado hupita.
Akifika kwangu hupunguza mgongo wa vikombe,
kama mtu apitaye penye msiba.
Leo nimemwita ndani. Nikamkatia muhogo nusu.
Kwanza alikataa, kwa adabu.
Kisha akachutama, birika ubavuni,
akala bila kuinua uso,
akapangusa vidole kwenye kikoi.
Tangu jana magharibi, akasema,
sijatia kitu mdomoni.
Hata kahawa? nikamuuliza.
Akanitazama kama niliyemuuliza swali la kitoto.
Kahawa nimekunywa.

Nikamkatia nusu ya pili.
Birika lilikuwa likifuka, chumba kikajaa harufu,
ile iliyo yangu.
Nikavuta pumzi,
nikatafuta tundu nililokuwa nimeliacha.