Mwaka wa Tano

Usiku Dagvadorj huzifungua betri zote mbili,
huzibeba kifuani hadi ndani ya hema la sufi,
huzilaza kando ya jiko, upande wa mtoto.
Nje, Gobi imeshuka nyuzi thelathini chini ya sifuri
na foleni ya malori ya makaa
haijasogea tangu Jumanne.

Kwenye kifuniko nilichora kwa msumari
mwaka tuliozinunua. Huu ni wa tano.
Fundi wa Dalanzadgad alipima, akavua glavu:
"Minne ilikuwa haki yenu, dada.
Huu wa sasa ni hisani."

Mume wangu hataki kusikia.
Anakwangua ukoga mweupe kwenye vichwa vya betri,
anapaka grisi, anazisemesha kama farasi.
Alfajiri lori linakohoa mara moja,
mara mbili, taa za dashibodi zinasinzia,
kisha linanguruma, naye ananigeukia: Unaona?

Naona.
Juzi liliwaka kwa kikohozi kimoja.

Chini ya godoro nina noti za betri mpya.
Akizikuta, nitasema ni za buti za mtoto.
Lori likikohoa mara tatu,
nitazitoa bila neno.