Skrubu ya Saba

Jumatatu, kabla ya mapambazuko, ndege isiyo na jina ubavuni
ilituchukua mafundi arobaini, mapazia yameshushwa,
na Ijumaa ikatumwaga tena Las Vegas
kama makapi. Katikati ya hapo
mimi, Verlin Stoddard, sikuwa popote.

Kiapo kilikuwa cha kurasa kumi na moja.
Nilitia sahihi kwa kalamu iliyofungwa mnyororo mezani.
Hata kalamu hawakuiamini.

Nikakwambia, Arlette, natengeneza mashine za kufulia,
mkataba wa hoteli kubwa, mbali huko kaskazini.
Ukasema, haya.
Mwezi wa pili mashine yetu ikagoma,
maji yakatuama pamoja na soksi za watoto,
nami nikapiga magoti mbele yake, bisibisi mkononi,
kama mtu aliyekwenda kuposa bila kujua jina la binti.
Dakika arobaini. Ulinitazama tu.
Kisha ukajitwika kapu ukaenda kufua kwa mama Ottesen,
hukuuliza neno,
nikadhani nimeponea chupuchupu.
Siri ya mtungi aijuaye kata;
mimi nilijiona mtungi, na kata, na maji yenyewe.

Kule bandani tulikuwa tukimvika ngozi mnyama wa pembepembe,
mweusi, asiye na mviringo hata mmoja mwilini.
Delbert Yazzie alipomwona mara ya kwanza
aliuliza kama kweli ataruka.
Mhandisi akajibu: "Kwa shingo upande."
Mabamba, gundi, msasa. Gundi tena.
Nilipitisha vidole kwenye kila kiungo
kama anayechagua mchele gizani.
Setilaiti ya Warusi ilipokaribia kupita
tulisukuma kila kitu ndani, tukazima taa,
tukakaa sakafuni kula mikate yetu,
wanaume wazima wenye masharubu, tumejificha nyota.

Usiku mmoja wa Machi tukamsimamisha juu ya nguzo,
rada ikamtupia jicho kutoka ng'ambo ya bonde.
Tulitaka isione kitu.
Ikaona ghala.
"Ghala zima," akasema Delbert, "na mlango wake, na trekta ndani."
Tukatafuta mpaka mbalamwezi ikachoka kutumulikia.
Ilikuwa skrubu, ya saba kutoka ncha ya bawa la kushoto,
imeinuka unene wa ukucha.
Nikaizungusha robo mzunguko.
Kiooni ghala likayeyuka,
akabaki nzige,
kisha hata nzige hapana,
na watu waliokula kiapo wakakumbatiana kimyakimya,
wakipigana mgongoni kwa viganja vilivyofumbwa.

Hilo sikuweza kulileta mezani kwako.
Nilileta mshahara, vumbi, kikohozi.
Siku Twyla anazaliwa nilikuwa nikisugua bawa;
habari ilinifikia Alhamisi, imekunjwa mara nne,
imeshapitiwa na kusomwa na mtu nisiyemjua.

Miaka tisa.
Kisha jioni moja msemaji wa jeshi akaonyesha picha kwenye televisheni,
picha ya ukungu, mbaya, ya upande asiopendeza,
nami nikasimama katikati ya sebule, kidole kimenyooka,
mdomo haujui uanzie wapi.

Wewe uliendelea kumenya viazi.
"Gundi," ukasema. "Mashati yako nimeyafua mimi, Verlin.
Hakuna mashine ya kufulia inayonuka vile."
Ukaosha kisu. Ukakifuta.
"Na ile ya saba, uliikaza?"

Kumbe nilikuwa nikiota kwa sauti.
Ijumaa, Jumamosi, nahesabu usingizini,
bawa la kushoto, moja, mbili, tatu,
nawe unaamka kufunga madirisha yote,
Julai, Nevada, joto la kuivisha yai juu ya boneti,
unafunga, unavuta na pazia,
unarudi kulala kando yangu jasho likikutiririka.

Na asubuhi mimi ndiye niliyelalamika,
mbele ya watoto, kijiko mkononi:
mwanamke gani huyu anayependa joto.