Ukurasa wa 143

Barua ilitoka Dar, bahasha ya kaki, sahihi ya wino wa zambarau:
tuandikie riwaya ya kile kipindi chetu cha redio,
kurasa mia mbili na kumi, malipo kwa mafungu matatu.
Masharti, walisema, ni mawili tu.
Mumiani asife, kwa kuwa msimu ujao bado yumo.
Na jana isiguswe: behewa lirudi nyuma miaka litakayo,
abiria washuke, watazame, wapande tena,
wasiokote hata kokoto.

Nikakubali. Kodi ya chumba hapa Isevya haingoji fasihi.

Kipindi mnakijua. Treni ya usiku, behewa la saba lisilo na saa,
Mumiani ndani ya koti la mkagua tiketi,
anyonyaye enzi ya Mjerumani
na kufutia mdomo mwaka wa sabini na nne.
Nilimwandika siku arobaini, chemli pembeni umeme ukikatika.
Nikampa meno, nikampa adabu,
nikampa hata kikohozi changu.

Ila reli ilipofika Tabora mkono ukanigomea.
Maana hapa, mwaka wa hamsini na sita,
babu yangu Mihayo aliajiriwa kupima malale.
Baiskeli, sanduku la vioo, sindano,
daftari lenye jina la kila mtu wa Ipole na homa yake.
Aliyenyonya ni mbung'o. Aliyeulizwa ni babu.

Bibi ndiye aliyenisomea ubeti waliomtungia mumewe,
uso haukutikisika, vidole vikichambua karanga:

    Fungeni watoto ndani, yuaja mwenye sindano,
    hutia damu koponi, haulizi mapatano,
    hupeleka stesheni, hulipwa shilingi tano,
    Mihayo ni mumiani, tusimpe na mkono.

Hawakumpa.
Nilipokuwa darasa la pili alikuwa bado anasalimia kwa kidevu,
mikono mfukoni, hata msibani,
hata kwangu.

Basi kwenye ukurasa wa 143 nikavunja sharti, kidogo.
Treni inasimama saa nane usiku.
Mumiani anashuka na kiu yake, anaona mwanga wa karabai,
mtu mmoja kainamia hadubini.
"Kaa," anaambiwa. "Kidole."
Miaka yote hiyo, hakuna aliyewahi kumtaka damu yeye.
Anakitoa. Kinatetemeka, jamani, kidole cha Mumiani!
Tone linagoma, kisha linakuja.
Babu anatazama mpaka karabai inaanza kulia kwa kukosa pumzi.
"Hii si yako," anasema. "Humu mna watu wengi.
Yumo mtoto. Yumo mama mwenye mimba changa.
Yumo mmoja namfahamu, wa Kaliua, alinidai shoka."
Anaandika tarehe. Mahali pa jina anapaacha wazi.
Kisha anampa mkono,
na yule mwingine, asiyejua mkono hutumikaje bila shingo,
anaupokea.

Mhariri alizungushia duara jekundu:
*Huyu mzee hayumo kwenye kipindi. Futa.*
Nikafuta. Jina, hadubini, mkono.
Fungu la tatu likaingia Ijumaa.

Kitabu kinauzwa stesheni,
kati ya betri na asali iliyotiwa chupa za bia.
Jalada lina meno mengi kuliko hadithi.
Ukikinunua, usiniulize mambo ya behewa linavyoruka miaka,
hata mimi niliyanakili tu.
Fungua ukurasa ule. Treni inasimama, inaondoka, mistari kumi na mmoja.
Hapatokei mtu.
Ila kuna baiskeli imeegemezwa ukutani,
sanduku limefungwa nyuma kwa mpira wa tairi,
na dirishani Mumiani, aliyekatazwa kugusa chochote cha jana,
anajifuta kidole kwa pamba.

Mpaka leo hakuna aliyeuliza pamba ameitoa wapi.