Juu ya Reli Zangu

Miaka ishirini na sita nimeuvuka mji huu
bila kuuona.
Varketili hadi Gldani, dakika thelathini na tano,
kisha nageuza, Gldani hadi Varketili,
mbele yangu kioo cheusi, ndani yake uso wangu
ukizeeka taratibu kati ya taa na taa.

Sasa nimestaafu. Nina goti bovu la kushoto
na viatu alivyoviacha binti yangu Tamta
alipohamia Poland.
Saa kumi na mbili na robo, lami ina umande,
naanza.
Si miguu niponye: hakuna anayenifukuza
ila mbwa mmoja mwenye kipini cha manjano sikioni,
naye amekata tamaa kabla ya kona.

Samgori, kwa hesabu ya chini, ni sekunde mia na kumi.
Kwa hesabu ya juu ni soko zima:
wanawake wanashusha makomamanga,
lori linarudi kinyumenyume likilia,
mtu amebeba mlango mgongoni.
Tahadhari, mlango unafungwa, namwambia kimoyomoyo,
kwa sauti ileile ya kazini.

Ukishapita Isani, palikuwa na mahali kwenye handaki
dari lilidondosha maji juu ya kioo changu.
Theluji iwepo, jua liwake: tone. Tone.
Niliandika ripoti nne. Fundi alikuja,
akaangalia juu, akasaini, akaondoka.
Leo nimepakuta.
Ni bomba la uani, koki isiyokaza,
na mzee mwenye soksi na ndara akijaza dumu.
"Inavuja tangu lini?" namuuliza
huku nikirukaruka nisipoe.
"Tangu mke wangu yu hai."
Nakinga viganja, nakunywa.
Kumbe tunajuana, maji.

Avlabari inateremka vizuri, halafu mji unasimama wima.
Jamani, kuna mlima!
Hakuna aliyewahi kuniambia kuna mlima.
Reli zangu zilipita humo zimenyooka
kama jibu la mtu asiye na la kuficha,
na mimi nikaamini dunia ndivyo ilivyo.
Kichomi kimenidaka ubavuni. Nainama, nashika magoti,
kijana wa kufagia barabara ananiuliza kama nimepoteza kitu.

Darajani nasimama kidogo.
Mtkvari una rangi ya chai iliyosahauliwa mezani.
Nimepita chini yake mara ngapi?
Nilijua volti, nilijua breki,
sikujua ni sekunde ipi hasa
nilikuwa na mto mzima kichwani.

Nadzaladevi sikimbii.
Natembea hatua mia moja na ishirini,
urefu wa jukwaa,
mikono mfukoni.
Alivaa koti la kijani.
Basi.

Nikifika Didube reli zinatoka nje
kuota jua kama mijusi.
Kuna uzio, kuna magugu, kuna mimi,
na nyuma yangu mngurumo ninaoujua kwa nyayo
kabla haujafika masikioni.
Ni zamu ya Nukri. Nilimfundisha mwenyewe
kufunga breki kama mtu anayemlaza mtoto.
Ameniona.
Taa: washa, zima. Washa.
Ni kosa, na kifungu cha kanuni nilimkaririsha mimi.
Abiria wanageuza shingo kumtazama
bibi mwenye mvi, uso mwekundu kama nyanya,
anayeshindana na mabehewa manne.
Ananipita. Bila shaka ananipita.
Lakini kwa nguzo tatu, labda nne, tulikuwa sambamba,
na nguzo hizo hazinyang'anyiki.

Gldani nilifika saa tatu kasoro dakika tano.
Hakukuwa na utepe wala mtu wa kupiga makofi;
nilinunua mkate wa moto, nikala nusu nimesimama,
mguu ukitetemeka wenyewe.

Kurudi, nilikata tiketi.
Niliketi ubavuni, kama watu wote,
mkate umefungwa kwenye gazeti mapajani,
nikasinzia kabla ya Didube.
Mlima sikuusikia, wala mto.
Tulipokaribia Isani nikazinduka bila kuamshwa,
nikatega sikio.

Tone.