Tunachemsha Gongo

Gongo la dukani lilikula gunia zima la korosho,
likapasuka mechi ya tatu, hapa hapa Nachingwea,
kwa mpira wa kona, si kwa ugomvi.

Fundi Nangomwa akasema, "Mpingo haupasuki."
Kweli, haukupasuka. Ulinipasua mimi bega:
nikishauinua, mpira umepita zamani,
kipa wao anafunga kamba za viatu.
Mwembe ulikuwa mwepesi. Ukabunguliwa masika moja.

Basi tukaomba tawi la mforosadi
nyuma ya zahanati, kwa barua yenye mhuri.
Tukalitokosa kwenye sufuria la shughuli,
la kuazima, mwenyewe hakuambiwa.
Mtendaji akaja mbio na mgambo wawili:
kasikia kwa Somoe wanachemsha gongo.
Akafunua kifuniko. Akanusa. Akaondoka bila kuaga.

Tukalikunja kwa goti, polepole,
likalala siku tisa ndani ya kamba ya katani.
Mshikio ni tyubu ya baiskeli.

Elfu sita, na nauli.

Lina kovu. Limeelemea kushoto kidogo, kama mimi.
Ila jana, nilipopiga,
lilitoa neno moja, fupi, kavu,
na beki wao akageuka
kuuliza mpira uko wapi.