Chembe Nyeusi

Mara mbili kwa mwaka mji mzima wa Narvik hunijia
kuvua matairi ya theluji, kuvaa ya kiangazi,
na mimi Oddvar, mtu wa jeki na spana,
hunawa hadi viwiko kabla sijagusa mkate.
Harufu ya mpira haitoki.
Mke wangu huiita jina langu la pili.

Matairi makuukuu huchukuliwa na lori kila Alhamisi.
Sikuwahi kuuliza yaendako.

Jana Solrun karudi kutoka mazoezini.
Ni golikipa: kazi yake kuanguka.
Kavua soksi mlangoni, zikamwaga
chembe nyeusi mfano wa kahawa iliyosagwa vibaya.
Katoa moja sikioni, akicheka,
nyingine katikati ya meno, kanitemea kiganjani:
"Baba, ina ladha ya karakana yako."

Ndipo nikajua lori lilikokuwa likienda.

Nyasi bandia haina mdudu, haijui vuli,
na siku ya jua kali hufuka kama lami mbichi.
Klabu ilitugawia karatasi: zinki kiasi hiki,
mafuta ya lami kiasi kile, kemikali zenye majina
marefu kuliko treni ya madini itokayo Kiruna,
na chini kabisa, kwa herufi za chungu:
*madhara hayajathibitishwa.*
Nimelisoma neno hilo mara nne,
kama mtu anayetikisa kufuli gizani
asijue limefungwa au la.

Nikamuuliza daktari Hjørdis, akiwa amekuja kuziba pancha.
"Hatujui," akasema. Nikampenda kwa hilo.
"Anawe mikono. Asile uwanjani. Viatu avulie nje."

Maagizo yale yale niliyopewa mimi
siku ya kwanza karakanani, miaka kumi na tisa nyuma.
Glavu tunazo sote wawili.
Ila mimi nalipwa.

Ana miaka kumi na mmoja. Jumamosi wana mechi na Bodø.
Nimwambie nini, asianguke?

Saa sita usiku. Nimekaa sakafuni na ndoo,
nakung'uta soksi, naokota, nahesabu.
Mia mbili na arobaini, soksi ya kushoto peke yake.
Nimezitia katika chupa ya jemu, nikaandika tarehe,
wala sijui nitampelekea nani.

Glavu zake zimekauka juu ya hita.
Asubuhi ataziulizia.
Nitampa.